Nililipwa Kutafsiri, Nikajifanya Shahidi

Kosa ni langu, tuanzie hapo, maana najua wengine wakiandika mambo kama haya humsingizia shetani. Shetani wa watu siku ile hakuwepo. Nilikuwepo mimi na tai yangu shingoni.

Nilikuwa Ubelgiji, nasoma DEA ya historia, yaani yale masomo ya juu baada ya licence, shahada ya kwanza. Nilikuwa naandika mémoire, ile tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya nini? Juu ya mji wa Kamina, nilikozaliwa! Nilisafiri mpaka Ulaya kusoma habari za kwetu kwenye vitabu vya Wazungu, kisha niwaeleze Wazungu hao hao. Msomi kweli kweli.

Vita ilipoanza tena nyumbani, Zaire imebadilishwa jina juzi tu, bourse yangu, ile pesa ya masomo, ilikatika. Wenzangu wakaingia mikahawani kuosha vyombo. Mimi, mtoto wa mwalimu wa misheni, niguse masufuria? Thubutu! Nilitafuta kazi ya heshima, nikawa mkalimani kwenye ofisi inayosikiliza wakimbizi. Mtu akisema Kiswahili, wewe unarudia kwa Kifaransa. Kasuku angeiweza kazi ile. Mimi ilinishinda.

Siku moja akaingia mama wa Kamina. Nitamwita Mama Salima, ingawa silo jina lake. Alikuwa mfanyabiashara, wa zile familia za Kiislamu zenye asili ya Maniema. Alivaa kitenge na koti la kupewa lililomzidi mabega. Aliposikia Kiswahili changu alimsahau kabisa afisa aliyekaa mbele yake.

"Yoo! Weye uko mutoto ya wapi?"

"Ya Kamina, mama."

"Mutoto ya nani?"

Mkalimani haruhusiwi kupiga soga na anayehojiwa. Lakini sifa zilishanijaa. Nikamtajia baba yangu, na mama akapiga makofi.

"Mwalimu! Alhamdulillahi! Sasa minyi nimepona."

Amepona! Maskini wa Mungu.

Akaeleza kisa chake. Mumewe aliuza samaki wakavu, na alikuwa na ndugu upande wa mashariki, kule kulikoshikwa na waasi. Askari wakamshuku kwamba anapeleka habari. Wakamchukua, hakurudi. Walipoanza kumtafuta na yeye, akakimbilia Zambia, na kutoka huko watu wakamsaidia kufika Ulaya. Yote hayo niliyatafsiri vizuri tu, kama mtu mwenye akili.

Afisa akauliza askari hao walikuwa wanakaa wapi mjini.

"Basoda beko balala mu masomo ya misheni," mama akasema. "Batoto ba masomo, shiye tuliwapa depot yetu. Banasomeaka mule, mu samaki."

Yaani askari wamelala shuleni, na wanafunzi wanasomea kwenye depo ya samaki ya mumewe.

Nikacheka. Jamani, nilicheka kwa sauti! Shule ile nilisoma mimi. Baba yangu alifundisha pale tangu sijazaliwa. Askari walale kwenye madarasa yetu? Na watoto wa Kimethodisti wasomee kwa Mwislamu, wakinuka samaki? Katika Kamina niliyoiacha tulinunua samaki wao mlangoni na kuondoka. Hakuna aliyeingia ndani hata kuomba maji.

Afisa aliniona nikicheka. "Wewe umetoka huko," akasema. "Jambo hili linawezekana?"

Nilichotakiwa kujibu ni kwamba mimi natafsiri tu. Badala yake profesa mimi nikafungua mdomo! Nikamweleza shule ilijengwa vipi, misheni inaheshimiwa vipi, na familia za mji zinaishi vipi. Nikahitimisha kwamba haiwezekani kabisa. Kwamba nilikuwa sijakanyaga Kamina miaka mingi, hilo sikulitaja. Nani aliniuliza?

Mama alikuwa ananitazama.

"Mutoto yangu, minyi nimesema kidogo. Weye unasema mingi vile, juu ya nini?"

"Namueleza muzuri, mama."

Akaniamini! Akaniinamia, akasema taratibu, "Ukisema na Mwalimu, umwambie funguo ya depot abakie nayo. Asimupe mutu mpaka nitarudia."

Afisa akataka kujua amesema nini.

"Salamu tu," nikajibu. Moyoni nikajipongeza. Mama huyu amelijua jina la baba dakika hii hii, na tayari analitumia kunilainisha! Mimi ni mtu wa kudanganywa hivyo?

Ombi lake la hifadhi likakataliwa. Afisa akanishukuru kwa msaada wangu, nami nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Baadaye nikapata nafasi ya kuongea na baba kwa phonie, ile redio ya misheni ambayo mnaongea kwa zamu. Ukimaliza unasema "à vous", ndipo mwenzako anajibu. Na haina siri. Kila aliyekaa kwenye foleni kule Kamina anasikia kila kitu. Vizuri, nikasema, wacha wote wacheke.

"Baba, nimekamata muongo wa Kamina huku! Mama moja wa samaki. Eti munafundisha batoto mu depot yake! À vous!"

Redio ikakoroma. Kisha sauti ya baba ikaja, polepole.

"Mutoto yangu, ule njo Mama Salima. Njo kwake tunafundishaka. Hata leo nilikuwa mule, funguo yake iko mu mufuko yangu. Tulikuwa tunamuombea afike kwa muntu mwema. Ulimusaidia? À vous."

Ilikuwa zamu yangu. Nilibonyeza kitufe, nikakiachia.

"Nimesema, ulimusaidia? À vous."

Nikazima, nikasingizia mawimbi mabaya.

Mngedhani kesho yake nilikimbia ofisini kusema ukweli. Wapi! Nilipiga hesabu zangu. Wangenifukuza kazi. Wangegundua pia kwamba nafanya saa nyingi kuliko anazoruhusiwa mwanafunzi, karatasi zangu zingeharibika, na mémoire je? Nikajiambia nitaenda nikishaitetea. Nikaitetea. Maprofesa wangu waliisifu sana, wakasema hakika naijua Kamina!

Nilipofika ofisini kutubu, Mama Salima alishapandishwa ndege. Waliniambia alirudishwa Kinshasa. Kamina hajafika mpaka leo.

Nilirudi nyumbani vita ilipopoa. Baba hakuniuliza tena lile swali, wala hakuniomba nimsimulie lolote la Ulaya. Kabla ya kufa alinipa funguo ya depo. Sasa nafundisha mimi katika shule ile ile. Askari waliondoka, lakini waliokuwa kwenye foleni ya phonie wapo. Wananisalimia kwa adabu, na wakiwa na shauri la maana wanalipeleka kwa mwingine. Nimelia sana juu ya mama yule, na kulia kwangu hakumsaidii mtu.

Mwezi uliopita binti yake alikuja kutoka Luena, alikoolewa. Alisikia funguo ya mama yake iko kwangu. Nikampa ule ujumbe, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza.

"Alikuambia weye?" akashangaa. "Kumbe ulimuona! Ulimusaidia?"

Hapakuwa na kitufe cha kuzima. Nikamwambia hapana, ni mimi niliyesema anadanganya. Nikamnyooshea funguo, nikamsihi aichukue.

Hakuigusa. "Si alisema usimupe mutu mpaka atarudia? Basi, bakia nayo."

Akaenda zake.

Enyi mnaosoma huko nje na kutafuta kibarua, osheni masufuria, nawaambia! Mtaumia mikono tu. Na ukipewa kazi ya kuwa mdomo wa mtu, sema alichosema yeye, chote, kisha ufunge wa kwako. Usijifanye unaijua kwenu kuliko aliyetoka huko jana. Mimi nilijifanya, na sasa ninatunza depo tupu ya mwanamke niliyemwita mwongo.