Kioo cha Nosy Be

Ijumaa moja kule Mahajanga, Madagaska, naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Usinicheke kwamba sijafika hata hamsini na nakuita mwanangu. Tangu siku ile nimehama miji mingi, Moroni, Unguja, sasa Tanga, na kila nilikopata kazi ya kutunza data nimemkuta kijana anayejiamini kama nilivyokuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza sekondari, na kliniki moja ya uzazi ilikuwa imenikabidhi mashine yake. Ndani yake mlikuwa na rejista ya watoto wote waliozaliwa pale tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Vitabu vyenyewe havikuwapo tena. Kimbunga kiliezua paa, karatasi zikalowa, zikawahi kupigwa picha na kuingizwa kwenye mashine kabla hazijaoza. Tawi letu la kisiwa cha Nosy Be, mjini Hell-Ville, lilikuwa na mashine ya pili, na kila tulichoandika Mahajanga kilipelekwa kule kwa waya wa simu. Mafundi waliiita kioo. Nililipenda neno hilo, nikalitamka mbele ya kila mgeni.

Mkuu wa rejista alikuwa mama wa Kikomoro, Zalia, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi. Nusu ya vile vitabu aliviandika yeye kwa kalamu. Mashine zilipokuja alinunua daftari, akalipiga mistari ya safu tatu: neno, linafanya nini, halifanyi nini. Usipojaza zote tatu kwa maneno yako mwenyewe, hugusi kitu.

Nikamsomea: "Kioo. Mashine ya pili inayofanana na ya kwanza."

"Safu ya tatu?"

"Haina kitu, Koko. Kioo kinafanya yote."

"Hata chai kinapika?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikaahidi kujaza baadaye, na yeye, kwa mapenzi yake kwangu, akaniachia.

Ijumaa hiyo mashine ilijaa. Nikawaza: mafaili ya zamani yapo Nosy Be, ya nini kuyabeba mara mbili? Nikayafuta ya hapa, miaka yote ya nyuma, nikaona nafasi imefunguka. Nilifurahi kweli!

Kwenye benchi alikuwa ameketi Ma Sitina wa Marodoka, amevuka kutoka Nosy Be kwa ajili ya bintiye Nasra, aliyezaliwa kwetu na kusoma Mahajanga kwa shangazi yake. Shule ilitaka karatasi ya kuzaliwa kabla ya jioni. Ikikosekana, jina la Nasra halipelekwi kwenye mtihani. Koko akaniagiza nifungue ukurasa wake.

"Nimeufuta hapa," nikasema bila wasiwasi. "Upo kwenye kioo."

Koko akavua miwani. "Kioo si kinafanya tunachofanya sisi? Tukifuta?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba kioo nacho kingefuta. Nikaruka nikachomoa waya wa simu kwenye mashine.

"Na amri zilizokwisha kuondoka?" Koko akauliza.

Hilo ndilo nililosahau. Amri zetu zilikuwa zimefika Nosy Be, zimepanga foleni kama barua ambazo hazijafunguliwa. Mashine ya kule ilizifungua mara moja tu kila saa, saa inapogonga. Saa ya ukutani ilionyesha saba kasoro dakika kumi na nane.

Nikapiga simu tawini. Ikaita, ikaita. Abdou, mtunza mashine wa kule, alikuwa msikitini, na wenzake wameenda kula.

"Vola anauza sambusa getini pao," Ma Sitina akasema. "Jirani yangu huyo. Ana simu ya mkononi." Akabonyeza namba bila kuitazama. "Vola! Acha karai! Ingia ndani!"

"Na sambusa zangu?"

"Nitazinunua zote, zilizoungua na zisizoungua! Kimbia!"

Tuliongea Kimalagasi, Kikomoro na Kifaransa kwa pamoja, na sauti yangu ikapanda kama ya mtoto. Vola akafika kwenye chumba cha mashine akihema.

"Chomoa waya wa umeme!" nikapiga kelele.

"Ipo miwili."

"Mmoja ni wa friji ya chanjo, huo usiuguse! Ufuate huo mwingine mpaka kwenye mashine!"

"Kijana, usinifokee. Mkono wangu una mafuta."

"Ufute kwanza!" Koko akasema. "Usije ukanaswa na umeme."

Kisha Vola akasema: "Taa imezimika. Friji inanguruma."

Saa ilikuwa saba kasoro dakika mbili. Nilimkumbatia Koko, nikamkumbatia hata Ma Sitina, akanipiga kwa mkoba.

Abdou aliporudi aliwasha mashine, akaizuia ile foleni kabla saa haijagonga tena, akaanza kuturudishia rejista kwa waya ule ule wa simu, tulipouchomeka tena, polepole mno. Ukurasa wa kwanza kufika ulikuwa wa Nasra, kwa mwandiko wa Koko mwenyewe. Ma Sitina aliondoka mbio, karatasi ikiwa kifuani, na jina la binti likapelekwa.

Ndipo Koko akafungua daftari mbele yangu, akanipa kalamu. Kwenye safu ya tatu niliandika: Kioo hakiweki kilichofutwa. Chini yake nikaongeza neno jipya, akiba: nakala inayotolewa kila wiki, ikatengwa na waya, ikafungiwa kabatini. Tangu siku hiyo tulikuwa nayo.

Basi nisikie. Ukipewa chombo chenye jina zuri, kabla hujalitangaza, uliza chombo hicho hakifanyi nini, na jibu uliandike. Usifute cha watu mpaka umefungua nakala nyingine kwa mkono wako ukaisoma. Ukikosea, sema papo hapo kwa sauti, maana hujui ni nani kwenye benchi anayemjua Vola. Mola akupe Koko wa kukuuliza swali la safu ya tatu, akupe na moyo wa kulijibu, na majina yote utakayokabidhiwa yasipotee mikononi mwako. Amina.