Kamera Iliyomtafuta Baba

Sogea karibu, wewe ambaye umeshindwa kuamua ununue kamera gani. Najua umeuliza watu watatu na umepata majibu manne. Nitakueleza polepole, na usijilaumu usipoelewa mara ya kwanza, kwa sababu hata mimi niliyefanya kazi hii miaka mingi nilikuja kuelewa sebuleni kwa mama yangu, Isinya, saa nne asubuhi, jua likichoma nje na mabati yakilia juu yetu kana kwamba kuna mtu anatembea huko.

Kamera niliyokuwa nayo ilikuwa DSLR ya mtu anayeanza. Ndani yake kuna kioo kidogo kilichoinama. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi kwenye jicho lako, kwa hiyo unachokiona ni kitu chenyewe, kama mtu anayechungulia dirishani. Ukibonyeza, kioo kinaruka kupisha mwanga, kisha kinarudi. Ndiyo ile sauti ya "kacha" inayowafanya watu waachie pumzi. Niliinunua nilipofungua studio Kitengela, chumba kimoja juu ya duka la vyuma, na ikanilisha: picha za pasipoti, mahafali, harusi, mazishi. Mazishi hasa.

Lazima nikueleze kidogo habari za mazishi. Mtu akifa, kabla hata jeneza halijachaguliwa, kamati inauliza, "Picha iko?" Picha hiyo inachapishwa mbele ya kijitabu cha ratiba, inakuzwa, inatiwa fremu, mjukuu anaibeba mbele ya jeneza, halafu inarudi nyumbani na kutundikwa juu karibu na dari, ikiinama kidogo kutazama viti. Na karibu kila mara picha yenyewe haipo. Wazee wetu hawapigwi picha peke yao. Wanapigwa siku ya sherehe, wakiwa kundi, kwa hiyo sisi wapiga picha tunamkata marehemu kutoka katikati ya walio hai. Ukiingia kwenye sebule za watu na kuzitazama vizuri zile fremu, utaona ukingo wa sikio la mtu mwingine, au vidole visivyo na mwenyewe.

Baba yangu nilimkata mimi mwenyewe.

Alikuwa kibarua wa shamba la maua, mtu wa kuamka gizani na kurudi jioni akinuka waridi na dawa ya kupulizia. Alikufa ghafla. Picha nzuri ilikuwa moja tu, niliyoipiga siku ukoo wa shemeji yangu ulipoleta mbuzi wa ntheo, maana kwetu Ukambani posa hufungwa kwa mbuzi hao. Baba amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti la kijivu, anacheka mdomo ukiwa umefungwa. Mama amesimama nyuma yake, mkono wake wa kulia uko kwenye bega la Baba.

Kijana wa kuchapisha alikuwa ananipigia simu kila dakika. "Brathe, mashine imepata moto, leta huyo mzee." Nikaikata picha. Ndugu wakaondoka, mahema yakaondoka, Mama akaondoka, lakini mkono wake ukabaki begani, umekatika kifundoni. Haungeweza kukaa hivyo. Nikachukua kipande cha koti kutoka bega la pili, nikakipaka juu ya mkono mpaka ukaisha. Kisha nikahifadhi. Nilihifadhi juu ya faili ileile, bila kunakili, na memori kadi nilikuwa nimeshaifuta kwa kazi nyingine. Kosa hilo lilichukua muda mfupi kuliko ninavyolisimulia.

Kazi ilipendwa. Watu walisema mzee ametoka vizuri. Mimi pekee, nilivyodhani, ndiye niliyeona kwamba pale begani nyuzi za koti zimelala upande usio wake, na kuna kivuli kidogo chenye vidole vinne ambacho sikukimaliza. Kwa miaka mitatu, kila nikienda kwa Mama, nilikaa kwenye kile kiti kinachoupa mgongo ukuta ulioshika fremu ya Baba. Nilikuwa nahisi doa lile shingoni mwangu, kama upepo wa mlango ambao haujafungwa vizuri.

Kisha DSLR yangu ikakwama katikati ya harusi. Kioo kilipanda, hakikushuka. Nikatengeneza, kikakwama tena. Ndipo nikafika pale ulipo wewe sasa. Dukani niliwekewa DSLR nyingine ndogo, mpya, nyepesi. Na huko Matasia mpiga picha mwenzangu alikuwa anauza mirrorless yake ya kitaalamu kwa sababu anaingia kwenye ufugaji.

"Unaacha harusi kweli?" nilimwuliza.

"Kuku hajawahi kuniuliza album iko wapi," akasema. "Chukua, kaa nayo wiki moja. Lakini nakuonya, hii kitu iko na akili. Ukiizoea, ile yako utaona kama jembe."

Mirrorless haina kile kioo. Unapochungulia, unachokiona ni kijitelevisheni kidogo kinachokuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Inaona gizani kuliko wewe. Inaweza kupiga bila sauti, na mwenzangu alikuwa ameiweka hivyo kwa ajili ya kanisani. Na inatafuta macho yenyewe: ikiona jicho la mtu, inaweka mraba mdogo wa kijani juu yake na haimwachi, hata akitembea.

Wiki hiyohiyo Mama alinipigia simu. Mama mmoja wa kanisani kwao alikuwa ametoka kuzikwa.

"Wamemzika na picha ya kitambulisho," akasema. "Anaonekana kama amekamatwa na polisi. Mimi yangu naitaka nikiwa hai. Uje Jumamosi."

"Sawa, Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Na nisikatwe."

Alisema hayo ya mwisho kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekukumbusha kuleta chumvi. Sikulala vizuri siku hizo.

Jumamosi ndiyo siku yake ya kupangusa fremu. Nilimkuta ameshamaliza, kitambaa kiko kwenye mkono wa kochi, yeye mwenyewe amevaa gauni la samawati na kilemba cha kwenda kushiriki Meza ya Bwana. Jirani yetu Mmaasai, anayetuletea maziwa, alikuwa mlangoni.

"Sopa, yeyo!" akamsalimu Mama kwa Kimaasai. "Leo umevaa kama unaolewa."

"Epa," Mama akaitikia. "Nitaolewa na nani? Mume wangu yuko hapo juu anatuangalia."

Jirani akacheka, akaweka mtungi, akaenda zake.

Nilimweka Mama kwenye kiti karibu na dirisha. Nikaanza na DSLR yangu ya zamani, ambayo siku hiyo ilikubali. Lakini mapazia yalikuwa mazito, na lenzi ilienda mbele na nyuma ikitafuta, kama mtu anayepapasa swichi. Kacha. Mama akaachia pumzi. Picha ilitoka yenye chembechembe, jicho lake la kushoto, lile lenye mtoto wa jicho, limezama gizani. Ingetosha kwa wengi. Kwake haikutosha, kwa sababu hii ndiyo ingekaa ukutani.

Nikachukua mirrorless. Nikachungulia. Mama alikuwa katikati, angavu, kila mkunjo mahali pake. Mraba wa kijani ukatokea, ukamgusa shavuni, kisha ukaruka juu, nyuma yake, ukakaa kwenye jicho la Baba.

Nikashusha kamera. Nikainua tena. Mraba ukaenda kwa Mama, ukasita, ukarudi kwa Baba. Nikasogeza kiti hatua mbili. Ukamfuata Baba.

Wacha nikueleze ili usiogope likikutokea. Kamera haijui nani yuko hai. Kwayo jicho lililochapishwa ni jicho. Baba alikuwa anatazama moja kwa moja, mwanga wa mlango umemwangukia, wakati Mama ameinamisha kichwa na kilemba kimemtia kivuli. Ni hesabu tu. Mimi nilijua hivyo, na bado sikubonyeza. Miaka mitatu nilikuwa nimempa mgongo, na sasa kijitelevisheni kile kilikuwa kinamleta mbele yangu, karibu, uso na bega, kikisema huyu hapa, huyu hapa.

"Bado?" Mama aliuliza. "Pumzi inaniishia."

"Bado kidogo, Mwaitu."

"Kamera imeharibika?"

"Hapana. Inaona Baba."

Mabati yakalia. Kisha Mama akacheka, mabega yakitikisika.

"Huyo hata akiwa hai lazima awe mbele. Siku ya ntheo alikalia kiti cha wageni." Akapangusa jicho lake bovu kwa ncha ya kilemba. "Na mkono wangu uliuweka wapi?"

Nikajifanya nafuta lenzi.

"Nauliza tu. Pale begani. Kila Jumamosi napitisha kitambaa naona mahali ulipokuwa."

"Ulijua?"

"We mtoto, mtu hajui mkono wake? Nilikuwa namfinya. Alikuwa amekataa kucheka kwa sababu ya lile pengo la meno, nikamfinya, ndiyo akacheka hivyo amefunga mdomo." Akageuka na kumtazama juu. "Kicheko ukakiacha, mkono ukaufuta."

"Waliitaka haraka, Mwaitu."

"Najua. Sikusema kitu, ulikuwa unalia. Sasa rudisha."

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema nitaitafuta nyumbani. "Siwezi kurudisha," nikasema. "Nilihifadhi juu yake. Haipo mahali popote."

Hakunikemea. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufumba juu ya goti, kama anayehakikisha kwamba huo uliobaki ungali wake. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wanapita, na kengele ya mmoja wao ilisikika mpaka ikapotea. Sijawahi kusubiri neno la mtu kwa woga namna ile.

"Mshushe," akasema.

Nilipanda kwenye stuli. Nyuma ya fremu ukuta ulikuwa na mraba mweupe ambao vumbi halikuufikia. Mama alitoka nje, akarudi akikokota kiti cha plastiki. Akasimamisha fremu juu yake, akaiegemeza, akazunguka nyuma. Hakuuliza asimame wapi. Akaweka mkono wake juu ya ukingo, vidole vikashuka kwenye kioo mpaka palepale penye doa, vikalifunika.

"Sasa iulize inamtaka nani," akasema.

Nikachungulia. Mraba ulikwenda kwa Baba, ukapanda kwa Mama, ukashuka, ukapanda. Kamera hizi zina kitufe kidogo cha kuziambia wewe mwenyewe uso upi ufuatwe, na mtu wa kuanza husahau kwamba kipo. Nikamchagua Mama. Nikasubiri mpaka akamfinya Baba kidogo kwenye kioo, maana alifanya hivyo kweli, niliona kucha zikibadilika rangi. Nikabonyeza.

Alibaki amekaza pumzi.

"Tayari, Mwaitu. Imeshapiga."

"Mbona haikusema?"

Nilimwonyesha. Aliileta kamera karibu na jicho lake zima, karibu igusane na pua. Alitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo mtabeba."

"Kamati itasema watu watadhani tunazika wawili."

"Wadhani. Wewe usikate." Akanirudishia kamera kwa mikono miwili. "Ile nyingine ya dukani uliyoniambia iko vipi?"

"Ni ndogo. Ni nzuri. Ingenitosha kwa kazi nyingi."

"Inamtafuta?"

"Hapana. Ile mpaka uielekeze mwenyewe."

"Basi nunua hii inayomtafuta."

Niliinunua. Sikuambii na wewe ufanye hivyo. Kama unaanza, kama mikono yako bado inajifunza wapi pa kusimama na mwanga unatoka wapi, chukua DSLR ndogo bila aibu. Betri yake inakaa, lenzi zake zipo kila mahali, na kwa sababu haikufanyii kila kitu, itakulazimisha kumtazama mtu. Hiyo ya kitaalamu utaifikia. Kazi za gizani na kanisani ndizo zitakazokuambia siku imefika. Picha ya Baba na mkono wa Mama niliipiga na DSLR yangu ya zamani, na hakuna kilichoipungukia mpaka nilipoishika mimi.

Picha ya Mama iko kabatini mwake, chini ya mashuka ya wageni, imeshatiwa fremu. Amebandika karatasi nyuma, kwa mwandiko wake unaopanda: Msikate. Baba alirudi ukutani na doa lake. Nikienda Isinya siku hizi nakaa nikimwelekea. Wakati mwingine nawasha kamera bila nia ya kupiga, nachungulia. Mraba unaenda kwake kwanza, kisha unashuka kumtafuta Mama kwenye kiti chake cha dirishani, na anapokuwa jikoni unazungukazunguka pale kitini, halafu unapanda tena ukutani. Iko siku mraba utakuta nyuso tatu hapo juu, Baba peke yake, na Baba na Mama, na kitini hakuna mtu. Kuna mahali pa kuzima utafutaji huo wa macho. Sijapagusa.

Kwa hiyo, kamera yoyote utakayochukua, hata ikiwa ni ya simu, fanya hivi: kabla hujamkata mtu kutoka kwenye picha ya kundi, nakili faili na uipe nakala jina jingine, kisha kuza picha na uangalie begani kwake kuna mkono wa nani.