Kambare wa Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kule Lodwar, niliuibia mto Turkwel samaki mmoja, na kwa siku nzima niliamini kwamba nimemuua mama yangu.

Ilikuwa mwaka 2013. Mama alikuwa Kakuma, akiwauzia wakimbizi wa Sudan Kusini kambare waliokaushwa kwa moshi, nami nilibaki na nyanya, mamake mama. Nyanya ndiye aliyenifundisha kuvua. Mto ukipungua uliacha madimbwi, na humo kambare walijaa hadi unawakanyaga. Tuliingia kwenye maji ya magotini na matenga yasiyo na kitako. Unanyata, unahisi tope baridi likipanda kati ya vidole, kisha unalikita tenga chini ghafla na kungoja. Ukiwa umempata, atagonga ukuta wa tenga, na moyo wako utagonga pamoja naye. Hapo unaingiza mkono kwa juu, unampapasa polepole ukijihadhari na miiba ya mapezi, mpaka umshike nyuma ya kichwa. Nimeonja raha nyingine tangu siku hizo, lakini sijapata iliyoushinda mgongo ule laini ukitulia kiganjani.

Raha hiyo ilikuwa na sharti lake. Kila siku, kambare wa kwanza ni wa mto. Anarudishwa, na wote mnatoka majini na kusimama mchangani kumtazama. Akizama topeni, mnaendelea. Akibaki ukingoni, hataki kwenda chini, mnakusanya vitu vyenu na kurudi nyumbani, maana yeye anajua kinachokuja kutoka juu. Na anayeunyima mto samaki wake, mto utachukua mtu wa nyumbani kwake. Nyanya alisema maneno hayo kwa sauti ileile aliyotumia kusema chumvi imeisha, na ndiyo maana niliyaogopa.

Jumamosi ile mama alikuwa anarudi. Asubuhi, nyanya akiwa bado anakaza leso yake ukingoni, nililikita tenga mara moja tu nikapata kambare mrefu kama mkono wangu. Alikuwa wa kwanza niliyemkamata bila kusaidiwa, na nilitaka mama amwone. Nikamtia kwenye gunia bichi, nikalisukuma chini ya kichaka cha mathenge. Nyanya alipopata wake alidhani ndiye wa kwanza. Akamrudisha, tukasimama mchangani, samaki akazama vizuri, nyanya akasema ni sawa, tuendelee. Nilijichekea kwamba mto haujui kuhesabu. Lakini miguu haikuniamini. Kila nilipokanyaga tope, ilitaka kutoka.

Kufikia adhuhuri mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Lorugum, mto unakotokea, meusi, na ngurumo hazikatiki. Nilikuwa nimemleta kambare wangu kisiri na kumficha nyuma ya nyumba, kwenye beseni, chini ya gunia lile. Kila nikilifunua, alinitazama kwa macho yake madogo. Nikawa naenda kumwangalia, narudi barabarani kumwangalia mama, naenda tena.

Saa tisa mwendesha bodaboda mmoja alisimama kwa jirani, maji yakimchuruzika.

"Laga imebeba gari," alisema. "Pikapu ya kutoka Kakuma. Watu iko ndani."

Kati ya Kakuma na sisi kulikuwa na laga nyingi, mito mikavu ambayo mvua ikinyesha mbali hujaa ghafla, na mama alisafiri kwa pikapu sikuzote. Nilikimbia kwa nyanya nikamwambia yote. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Bado anapumua?" aliuliza.

Kambare ana roho ngumu, alikuwa anapumua. Tulimbeba hadi mtoni tukikimbia, nyanya na magoti yake mabovu. Maji yalikuwa mekundu, yanasukuma magogo, na dimbwi letu halikuonekana tena. Nyanya alinifunga leso kiunoni, akashika ncha yake kwa mikono miwili.

"Mrudishe mwenyewe."

Nikainama, nikamwachilia. Hakuzama. Alibaki pale pale penye vifundo vya miguu yangu, pua yake ikigusa ukingo. Nyanya alinivuta kwa nguvu hadi nikaanguka chali, na tulipogeuka kutazama, mahali nilipokuwa nimesimama palikuwa mto.

Mama alifika Jumapili mchana, kwa miguu, viatu mkononi. Alikuwa amepanda pikapu ya pili, iliyozuiwa na laga ileile. Nilimkumbatia kiuno nikakataa kumwachilia, akauliza huyu ana nini. Nyanya alisema nilikuwa na hamu naye tu.

Dereva wa pikapu ya kwanza hakupatikana. Alikuwa baba yake Akai, niliyekaa naye dawati moja shuleni. Kwao walikuwa wafugaji, na samaki hawakumla kabisa. Akai alikuwa akisikia harufu yake kwenye sare yangu, anasogea hadi mwisho wa benchi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mto ulinirudishia mama kwa sababu niliurudishia kambare, na kwamba baba yake Akai alilipa badala yangu. Leo siamini hivyo. Mvua ilinyesha milimani kabla sijaingia majini. Nadhani nyanya alichotaka, kwa sharti lake lote, ni sisi tutoke na kusimama tuangalie mto unakotoka. Bado namrudisha wa kwanza, na bado nasimama mchangani.

Lakini kuamini kwa kichwa ni jambo moja. Akai sijawahi kumwambia. Tukikutana sokoni Lodwar huniamkia, ejok, anacheka, ananiuliza habari za mama. Namjibu mama yuko salama, na mfuko wa samaki nimeuficha nyuma ya mgongo.