Uzi Uliokataa Kuonekana

Mgeni alikuwa ameshapotea mara mbili kwenye ngazi za jengo lile la utabibu. Mlango wa tatu aliougonga ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye glavu, akamwambia aingie ila asiegemee meza. Alikuja kuandika habari za Profesa. Profesa alikuwa hajafika, kwa hiyo ikambidi amtazame mwanamke huyo, Mama Kijiti kama wote walivyomwita, akifanya kazi iliyompa Profesa umaarufu.

Mwaka wa ishirini na sita sasa Mama Kijiti anachambua bongo za watu waliozitoa kwa hiari kabla ya kufa. Huulowesha ubongo kwenye dawa miezi mitatu, akaugandisha, akauyeyusha. Barafu hulegeza nyuzi za neva, naye huzichambua mojamoja kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Wifi yake alipoijua kazi hiyo, hakuonja mchuzi wake mwaka mzima.

Wakubwa wa fani hiyo hupenda nyuzi ndefu, zinazokatiza ubongo kama barabara kuu. Ili kuzifikia, hukwangua nyuzi fupi za juu na kuzitupa kwenye ndoo. Mama Kijiti alizionea huruma. Uzi mfupi huanzia kwenye mkunjo mmoja wa ubongo, huzama chini ya mfereji na kuibukia mkunjo wa pili, umbo lake kama kamba ya bembea. Kazi yake yote ni kumsemesha jirani. Alikuwa akizichora kwenye madaftari ya shule. Upande wa kushoto ameumaliza. Wa kulia yuko nusu, na mkataba wake unakwisha kesho. Barua ya kumwongezea miaka miwili imo mfukoni mwa Profesa, haina saini.

Profesa naye alizigundua nyuzi fupi mwaka jana, zilipoanza kuleta sifa. Hakushika kijiti. Aliwalaza watu hai kwenye mashine chumba cha pili, ikafuata maji yanavyotembea kichwani, kompyuta ikakisia njia za nyuzi na kuzichora kwa mistari ya rangi. Vyumba hivyo viwili vina mlango kati yao, lakini umezibwa na kabati. Mama Kijiti akitaka kuuliza jambo, huandika barua inayopitia kwa mkurugenzi.

Mstari mmoja, wa rangi ya chungwa, haukuwa na jina. Profesa akaupa lake. Bango la kuutangaza uzi huo lilishachapishwa; kilichobaki ni ubongo halisi kukubali. Bongo tatu zilishakataa. Wa nne ndio huu mezani.

Profesa aliingia na koti jeupe jipya, akampa mgeni mkono, akamwamkia Mama Kijiti shikamoo, heshima aliyoiweka akiba kwa siku za wageni.

"Uzi upo?"

"Haupo, mwanangu."

Akamweleza kwamba amefika palepale bango linaposema, akakuta nyuzi zimeelekea kwingine. Profesa akacheka kwa ajili ya mgeni, akasema mikono ya mama imechoka. Akaitoa barua, akaiweka mezani mbali kidogo na majimaji, kalamu juu yake, akamwomba ajaribu tena, taratibu, akifuata mstari wa chungwa.

Mama Kijiti aliitazama ile barua. Nusu iliyobaki ya upande wa kulia ilikuwa mle ndani.

"Ubongo ukishalainika hauna ubishi," alisema. "Unakovuta kijiti, uzi unatokea. Nikitaka nitakutolea hata mkia wa mbuzi humu. Sasa hivi saa sita haupo. Ukiniachia mpaka saa saba, utakuwepo."

"Basi tukuachie mpaka saa saba," alisema Profesa.

Mama Kijiti akavua glavu, akanawa mpaka kwenye viwiko, akapanga madaftari yake tisa kwenye mfuko wa sokoni. Kijiti akakiacha. Akamkumbusha mgeni asiegemee meza, akatoka.

Hajafika kwenye ngazi, akasikia kigoda chake kikivutwa na Profesa akimwita mgeni asogee. Akaweka mfuko chini, akasubiri.

"Umeuona? Ule pale."

Mama Kijiti akaitazama saa ya ukutani. Zimepita dakika kumi tu. Yeye alikuwa ameomba saa nzima.