Mwisho wa Filamu Niliouzua Mgeta

Mnaonifahamu mtacheka, maana kazi yangu yenyewe ni kuzua. Nakaa na kipaza sauti kwenye banda la video, natafsiri filamu za Kizungu, na Kizungu chenyewe cha kubahatisha. Mzungu akila mkate, mimi nasema anakula makande. Lakini kwa hili sitii chumvi hata punje. Lilinikuta mwenyewe, mchana kweupe, kule Mgeta.

Jumamosi moja baada ya gulio niliweka filamu ya mtu aliyerudi kutoka anga za mbali. Mkewe anamfungulia mlango, anamtazama weee, halafu giza. Imekwisha. Je, ni mumewe, au ni kiumbe kilichovaa sura yake? Filamu haisemi. Wateja wakapiga kelele, "Dijei, maana yake nini?" Ningesema sijui, nidharaulike? Nikajitia mjuzi. "Huyo siye! Wa kweli alibaki kule kule. Ukitaka kuhakikisha, mwite kwa ukoo wa mama yake. Kama si mwenyewe, hataitika."

Hilo la ukoo nilichomeka tu ili Waluguru wanogewe, maana kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Watu wakatoka wakicheka. Mama Telesia, muuza kabichi, hakucheka. Mumewe alikuwa amerudi mwezi ule baada ya miaka mitatu machimboni. Akaniuliza taratibu, "Hataitika kabisa?"

"Kabisa, mama," nikajibu. Mungu anisamehe.

Kesho yake, watu wakiwa kanisani, nilikuwa peke yangu bandani nakunja nyaya. Mume wa Mama Telesia akaingia bila hodi. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akakaa benchi la mbele, akanikazia macho.

"Habari ya ukoo," akasema. "Nani alikuambia?"

Jamani! Nikamwapia kwamba nimezua, ni filamu tu. Akatikisa kichwa kama mtu anayenisikitikia, akatoka. Nikakimbilia mlangoni. Njia ya pale imenyooka kupanda mlima, haina kona wala kichaka, na hapakuwa na mtu. Niliporudi, vumbi lililotua usiku kwenye benchi alilokalia lilikuwa vilevile, halijaguswa.

Hajaonekana tena mpaka leo. Mama Telesia alinieleza kwamba usiku ule wa Jumamosi, wakila, alimwita kwa ukoo wa mama yake, mara ya kwanza, mara ya pili, na yeye akaendelea kula.

Siku hizi filamu ikiisha nazima kipaza sauti. Nawe unayependa kuwaeleza wenzio filamu usiyoielewa, nakusihi, sema hujui. Mimi sikusema, na sasa kila gulio yule mama anaacha kabichi zake, anakuja kusimama mlangoni pangu.

"Dijei, ulisema wa kweli alibaki. Alibaki wapi?"