Mama Thelathini na Moja

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na tisa vipimo vya wateja wake vilikaa kwenye daftari moja lenye jalada jeusi. Hakuna mteja aliyeandikwa kwa jina lake. Ni Mama Duka, Mama Kona, Mama wa Pacha, na pembeni kifua, kiuno, bega lipi limeshuka. Mimi hushona vifungo chumba hicho hicho, na sikumbuki siku aliyoharibu nguo ya mtu.

Balaa lilikuwa mumewe. Shemeji yangu tunamwita Mtaalamu, na naomba ieleweke kwamba hatumsifu. Alipoachishwa kazi akaamua kwamba daftari ni ushamba. Wiki tatu nzima alikalia meza ya kukatia, simu huku, kishikwambi kule, kompyuta katikati, akilinganisha programu za kuandikia kumbukumbu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwenye simu, kwenye kompyuta ikagoma kufunguka. Ya pili ilifunguka kote, ila kwenye kishikwambi ilivuruga mistari, kiuno cha huyu kikaangukia kwa yule. Ya tatu akaishangilia: ukibadilisha kitu hapa, kinabadilika kote papo hapo. Muda wote huo dada alikata vitambaa sakafuni, amepiga magoti, kwa sababu meza ilikuwa na mwenyewe.

Akahamisha vipimo vyote. Kwenye kisanduku cha jina la kwanza akaandika Mama; cha pili, Duka. Kisha akalitupa daftari bila kumwuliza mtu. Tulipojua, gari la taka lilikuwa limeshapita.

Siku ya tano kompyuta ikamwuliza: kumbukumbu thelathini na moja zina jina moja, ibaki ya karibuni na nyingine zifutwe? Waliotengeneza kitu kile hawajui kwamba Mama si jina. Lakini Mtaalamu anajua, naye amezaliwa na mama, na bado akabonyeza Ndiyo. Programu ikatimiza sifa yake. Simu, kishikwambi, kompyuta, kote akabaki Mama Maua peke yake, aliyeingizwa mwisho.

Wengine wangepimwa upya, wakatutania, yakaisha. Niliyemwogopea ni Mama wa Pacha. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji, akaondolewa titi moja, na tangu hapo hakuwa amevua blauzi mbele ya mtu. Wanawe walikuwa wanahitimu Jumamosi, akataka gauni litakalomkaa sawa. Mara mbili alifika akaishia mlangoni. Mara ya tatu, daftari likiwa bado lipo, dada alinitoa nje, akafunga mlango, akampima. Mama wa watu alitoka macho mekundu, lakini alitoka akicheka.

Alhamisi akaja kujaribu gauni. Kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa rafuni. Dada alimketisha, akamweleza yote bila kuficha, kisha akamwomba akubali kupimwa tena, wao wawili tu. Mtaalamu hata hakuinuka. Akasema kutoka mezani, kwa ile sauti yake ya kufundisha, kwamba kuna programu ya nne, hiyo haifuti kitu. Nilimwambia anyamaze kabla sijamrushia pasi. Sijutii hata neno.

Mama wa Pacha hakumtazama. Alimtazama dada.

"Unajua nilijikaza siku ngapi ile mara ya kwanza?"

"Najua, mama. Nisamehe."

"Wewe nimeshakusamehe. Ila kuvua tena, siwezi."

Akaomba kitambaa chake. Dada akampa, akamsindikiza hadi nje. Jumamosi niliwaona wakipita kwenda shuleni, pacha wametangulia na majoho yao, mama yao nyuma amevaa koti zito, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, na jua lilikuwa kali.