Kabati la Mama na Amplifaya Ndogo

Tulipokuwa wadogo kule Magogoni, hapakuwa na mtu mwenye siri ya sauti. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na kuta zake hazikufika darini. Mjenzi alizikomesha njiani, huko juu akaacha wazi ili hewa ipite. Hewa ilipita, na kila kitu kikapita nayo. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwombea rehema. Ukikaanga samaki, nyumba nzima ilijua ni changu au ni tafi. Na mtoto akichapwa, watetezi walitoka vyumba vyote: "Basi mwache, mwenzangu, keshasikia huyo!"

Nawasimulia nyinyi rika langu, maana wanetu nikiwaeleza hunitazama kama ninayewapa habari za safina ya Nabii Nuhu. Na wala sikuwa na nia ya kukumbuka lolote. Nilikuwa nimesimama dukani mjini, nachagua amplifaya ndogo ya gitaa la besi ya kufanyia mazoezi nyumbani, basi yakanijia yote kwa mkupuo.

Marehemu Baba alikuwa mtu wa bandarini. Mchana alishusha mizigo, na siku za harusi alipiga besi katika kikundi cha taarabu. Amplifaya ya kikundi ilikuwa sanduku moja kubwa, la kubebwa na wanaume wawili huku wakilaani, nalo lililala kwa kiongozi wao. Baba alirudi nyumbani na gitaa peke yake, limeviringwa kwa leso kuukuu ya Mama. Na gitaa la besi la umeme bila amplifaya, wallahi, ni kama kibogoyo anayenong'ona. Unaona midomo inacheza, husikii neno.

Sijui siku gani aligundua kabati. Lilikuwa kabati la mvule, alilokuja nalo Mama alipoolewa, zito, lenye kioo mlango mmoja. Baba aliketi kwenye kigoda, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ule mlango usio na kioo, akapiga uzi wa juu. Kabati likanguruma! Mbao zote ziliitikia, na mle ndani vikombe vya Mama, vile vya wageni ambavyo sisi hatukuruhusiwa hata kuvitazama sana, vikaanza kugongana.

"Utanivunjia vikombe vyangu wewe!" Mama akapiga kelele kutoka uani.

Lakini hakumwambia aache. Alikuja, akafuta mikono kwa leso, akavitoa vikombe kimoja kimoja akavipanga chini ya kitanda. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Baba akishika gitaa, Mama anatoa vikombe. Akimaliza, Mama anavirudisha. Mimi nilidhani wazazi wote duniani wanaishi hivyo.

Wakati wetu ulikuwa alasiri. Tulitoka chuoni tumekariri Kurani hata koo zimekauka, tukacheza mchezo wa kati uwanjani mpaka mpira wa soksi ukafumuka, kisha tukarudi na vumbi hadi kwenye kope. Ukumbi ulinuka mbaazi za nazi. Unapewa hamri lako mkononi, na hilo la pili uliombe kwa adabu, ukipewa kongole, ukinyimwa shukuru. Halafu ndipo watoto wa vyumba vyote tukapiga foleni kutia sikio kwenye kabati. Tuligombania ule mlango kama watoto wa leo wanavyogombania chaja. Ukitia sikio pale, besi huisikii masikioni, waisikia menoni na kifuani. Adhana ya magharibi ikianza tu, hata kama yuko katikati ya wimbo, Baba alinyamazisha nyuzi kwa kiganja na kulilaza gitaa kitandani.

Siku moja nilimuuliza mbona harusini watu wanamsifu mwimbaji na mpiga fidla, yeye hawamtaji. Akacheka. "Mwanangu, besi haitafutwi ikiwapo. Hutafutwa ikikosekana."

Chumba kilichopakana na chetu alikaa Bi Zuhura na mumewe, watu wazima, hawakujaaliwa watoto. Yule mume alifariki ghafla, Bi Zuhura akakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. Nyinyi mwajua eda ilivyokuwa enzi hizo. Haikuwa ya mfiwa peke yake, ilikuwa ya nyumba nzima. Redio zilifungwa. Watoto tulinyang'anywa makopo ya kupigia ngoma tukaambiwa, "Kuna mtu eda humu, hamwoni haya?" Hata mke wa mpangaji mmoja alipojifungua salama, vigelegele vilipigwa kwa kuziba mdomo na leso, vikatoka kama vikohozi.

Na Baba alikuwa na harusi mbele yake, na wimbo mpya mgumu. Alihangaika. Akipiga, amemkosea mfiwa. Asipopiga, atawaaibisha wenzake mbele za watu. Basi akapata hila. Akapiga kwa nyama ya kidole gumba, polepole, kichwa cha gitaa kimeegemea kabati, kwa sauti ya chini hata Mama aliyekaa kitandani hakusikia kitu. Hata sisi tulikuwa hatusikii ila kwa sikio lililogandamizwa kwenye mbao. Baba akaridhika kwamba sauti haipandi juu ya ukuta. Kila mtu katika nyumba ile aliogopa sauti ya juu, kwa sababu ndiyo njia tuliyoizoea. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kabati lilikuwa limetiwa mgongo kwenye ukuta wa Bi Zuhura.

Eda ilipokwisha, Bi Zuhura alioga, akavaa leso mpya, na mlango wa kwanza kuubisha ulikuwa wetu. Alikuja na sahani ya kaimati. Akakaa, akauliza hali ya kila mtu bila haraka, akajibiwa. Kisha akamgeukia Baba.

"Ule wimbo wako mpya waukimbiza," alisema. "Pale katikati subiri kidogo. Una haraka ya kwenda wapi?"

Baba alimtazama Bi Zuhura, akatazama kabati, akatazama ukuta. Nikamwona mtu mzima yule anavyotoka jasho. Akaanza kuomba radhi, kwamba wallahi hakujua, kwamba hakukusudia kumvunjia heshima.

"Radhi ya nini?" Bi Zuhura akamkata. "Kile kitanda changu kiko papo hapo ng'ambo ya pili. Kila alasiri nikitia mgongo ukutani. Ulipokuwa ukipiga nilijua kuna watu. Ulipokuwa ukinyamaza ndipo nikiogopa. Eda yangu umeikaa nami, wewe usijue."

Mama alilia, nasi tukala kaimati.

Leo mimi naishi Changamwe, ghorofani. Kuta zangu ni za mawe na zimefika juu kabisa, na jirani wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake tu. Wazazi wangu walihamia kwangu uzeeni, na Mama alikataa katakata kuja bila kabati lake. Walilipandisha ngazi vijana wanne wakiapa kwamba ndani mna mtu. Baba akafariki humo humo chumbani mwao, Mungu amrehemu, akiwa amekwisha kumwahidi mjukuu wake Rukia, binti yangu, kwamba harusi yake atampigia besi yeye mwenyewe. Harusi ikasogezwa mbele hadi Bibi atoke eda. Na ahadi ile ikaniangukia mimi, niliyerithi gitaa na mkono uliojaa kutu.

Nilitaka kuitimiza kwa moyo wangu wote. Lakini Mama alikuwa eda chumba cha pili, amevaa nyeupe, hasemi ila akisemeshwa. Ningewezaje kumtia besi ya mumewe masikioni? Niliogopa nikiupiga uzi mmoja tu, nitamvunja.

Ndiyo sababu ya mimi na Rukia kwenda dukani. Kijana wa kuuza, mtoto wa bara, alinipokea vizuri. Akaniwashia amplifaya yenye taa za rangi, inashika simu bila waya, inaiga sauti za amplifaya nyingine zote ulimwenguni. "Mzee, hii ukiifungua, ploti nzima inajua uko!" akasema kwa fahari. Nikamwambia, mwanangu, mimi natafuta ambayo ploti nzima haitajua. Akanitazama kwa huruma.

Nikazijaribu moja moja. Kumbe amplifaya ndogo hazijulikani kwa kuzifungua. Kila moja ukiifungua inajitutumua. Zijue kwa kuzipunguza. Nyingi ukizishusha sauti, ule unene wa besi unakimbia, unabaki na mlio wa mtu anayepiga mpira wa kufungia nywele. Moja tu, nyeusi, isiyo na taa wala mbwembwe, spika yake si kubwa kuliko sahani ya pilau, niliishusha hadi karibu na kuzima, na bado nikaihisi kwenye nyayo. Nyepesi, yabebeka kwa mkono mmoja, na itatosha wazee wa kikundi cha Baba wakija kufanya mazoezi sebuleni kwa kinanda cha sauti ya chini na ngoma ya ncha za vidole. Tena ina tundu la hedifoni.

"Hii ndiyo, Baba," Rukia akasema. "Ukivaa hedifoni Bibi hatasikia kitu."

Nikarudi nyumbani nimefurahi. Kila alasiri nikivaa hedifoni zangu na kuupiga ule wimbo wa Baba, ule wa siku za eda ya Bi Zuhura, nyumba kimya kama msikiti mchana. Nilijiona nina adabu kuliko Baba mwenyewe, maana yeye alinong'onea kabatini, mimi sikutoa hata mnong'ono. Eda ikaisha, Mama akavua nyeupe, nami nikaendelea na hedifoni, nikisema moyoni bado mapema.

Sasa sikilizeni. Mimi ndiye ninayemgombeza Rukia kutwa kwa vile vidude vya masikioni. Enzi zetu ukiitwa, hata uko juu ya mnazi unaitika, mvulana "naam", msichana "abee". Wa leo unaita hadi sauti inakauka, kumbe yeye yuko peke yake na muziki wake, anatikisa kichwa kama mjusi. Basi alasiri moja nimefumba macho napiga, nikayafumbua nikamwona Mama kasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, midomo inacheza, nami sisikii neno. Alikuwa ananiita.

Nikazivua kwa haraka. "Naam, Mama!"

"Nimekuita hata nimechoka." Akaliangalia gitaa. "Lina ugonjwa gani hilo?"

"Halina ugonjwa, Mama. Nimelinyamazisha kwa ajili yako."

"Nani alikwambia nataka kimya?" Sauti yake ilitetemeka, na hakujaribu kuizuia. "Kila alasiri nakaa kule natia mgongo kwenye kabati, nasubiri. Sisikii kitu. Nikasema basi, kashaliuza gitaa la babake, anaona haya kuniambia."

Nikaziweka hedifoni chini.

"Babako aliwastahi watu kwa kupunguza," akasema. "Wewe umenistahi kwa kuninyima."

Nimekuwa nikiyafikiri maneno yale tangu siku hiyo. Sisi tulilelewa katika nyumba ambazo kimya chake kilikuwa cha watu wote. Tulikichanga, kama tulivyochanga maji na chumvi. Mtu alishusha sauti yake ili mwenzake aweze kubaki ndani yake. Leo tuna kuta nzuri, tuna matundu ya hedifoni, kila mtu ana kimya chake na kelele zake mfukoni, hamsumbui mtu na hasumbuliwi. Nawacheka vijana, lakini vidude vile hawakuvitengeneza wao, na kwangu mimi ndiye niliyevinunua na kurudi navyo nikitabasamu. Nyumba ya Magogoni ilikwisha kubomolewa, pamejengwa ghorofa. Nilipita juzi. Sikusikia mtu akipiga chafya.

Niliichomoa ile amplifaya, nikaibeba kwa mkono mmoja hadi chumbani kwa Mama. Nikaiweka chini, ubavu wake umegusa kabati la mvule, nikaishusha sauti hadi pale pa kukaribia kuzima. Kabla sijashika gitaa, Mama akaniwekea mkono begani, ningoje. Akalifungua kabati. Akaanza kuvitoa vikombe, kimoja kimoja, akiinama kwa shida, akivipanga chini ya kitanda. Nilitaka kumsaidia akanizuia.

Kisha akaketi, akatia mgongo kwenye mlango usio na kioo. Rukia akaja, masikio yake wazi, akajipenyeza kando ya bibi yake, naye akaegemea. Nikapiga kwa nyama ya kidole gumba. Kabati likaitikia. Mama akafumba macho, na tulipofika katikati ya wimbo akatikisa kichwa.

"Waukimbiza," akasema taratibu. "Hapo msubiri babako."

Nikamsubiri.